Chupa za Uzi Mwekundu

Lick Fork, Kentucky
Jumapili, 9 Oktoba 1977

Imogene mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na shemeji Denzil na Twila na hilo tumbo lake. Huku tuko wazima, na ukisikia tuko ujue ni mimi na kuku kumi na moja. Goti linauma mvua ikikaribia na linanyamaza mvua ikinyesha, kwa hiyo sasa nina nafuu, maana imenyesha tangu Ijumaa. Hobert wa kanisani ameoa tena, mara ya tatu hiyo, na bado anavaa suti ile ile.

Huyo Hobert ndiye anayekuletea sanduku hili, anapita Akron kumwona mwanawe. Ndani mna nusu ya paja la yule nguruwe tuliyemchinja Desemba. Limekaa kwenye chumvi, limekaa kwenye moshi, limetundikwa miezi yote hii. Nimelikata kwa msumeno wa Baba. Upande mnene wako, wa mfupa wangu, kama Mama alivyokuwa akigawa, aliye mbali ndiye apate nene. Usilipike kabla ya kuliloweka siku mbili na kubadilisha maji, la sivyo shemeji atamaliza maji ya mji mzima.

Chini ya paja kuna chupa kumi na mbili za maharage ya kijani niliyosindika mwenyewe. Sita nimezifunga uzi mwekundu shingoni. Hayo ni ya karai la mwisho nililochemsha Agosti, matamu kuliko yote, yaweke ya Krismasi. Nane za karai hilo nimebaki nazo, zina uzi huo huo.

Usinipigie simu dukani kwa Burl. Akipokea yeye bonde zima linajua kabla sijavaa viatu. Andika.

Dada yako,
Delphia


Akron, Ohio
23 Oktoba 1977

Dada Delphia,

Nimefurahi goti limenyamaza. Hapa sote tunapumua. Denzil amehamishiwa zamu ya asubuhi kiwandani, ananuka matairi mpaka mto wa kulalia unanuka. Twila ana miezi mitano na anakula kuliko baba yake.

Sanduku limefika, hakuna hata chupa moja iliyopasuka. Paja nimelitundika stoo. Maharage, dada, tumeshakula chupa mbili na Denzil alilamba sahani. Asante sana.

Nami nimempa Hobert zawadi yako. Ni chungu cha umeme, usicheke, huku kila mwanamke wa kiwandani anacho. Unakichomeka ukutani asubuhi, unakwenda zako kazini, ukirudi chakula kimeiva. Hakina moto. Hata ukikisahau kutwa nzima hakuna kinachoungua.

Paja la Krismasi lipike humo. Chini panga karoti, viazi na vitunguu, vipande vikubwa. Paja juu yake, kikombe cha maji ya tufaha, chumvi usitie hata punje. Funika, kaa mbali nalo. Mwisho changanya sukari ya kahawia, haradali na siki kidogo, upake paja mpaka ling'ae kama viatu vya mchungaji. Maharage nayo yatie mwisho huo huo yapate joto tu, maana yameshaiva ndani ya chupa. Tuwashe siku moja, Krismasi saa kumi na mbili asubuhi, wewe huko na mimi huku. Nusu mbili za paja moja. Tutakuwa tumekula pamoja.

Na chumba cha Twila kiko wazi tangu aolewe. Nasema tu.

Mdogo wako,
Imogene


Lick Fork
6 Novemba 1977

Imogene,

Natumaini hamjapata mafua, huku nusu ya kanisa inakohoa. Kuku mmoja amechukuliwa na mbweha, amebaki kumi. Siku ya Shukrani, mwisho wa mwezi huu, nitakula kwa Hobert, mke mpya anataka kutuonyesha kwamba anajua kupika.

Chungu nimekipata. Nilikijaribu na kuku mzee. Nilikaa mbele yake saa nzima nikisubiri kichemke, hakichemki, kinatoa jasho tu. Nikachovya kidole, vuguvugu. Jioni kuku alikuwa laini, sikatai. Ila umeniandikia "hata ukikisahau". Nani amekuambia nasahau? Nimepika kwenye jiko la kuni miaka arobaini na nyumba bado imesimama. Ukitaka kusema mimi ni Mama, sema, usinitumie chungu kiseme.

Sasa hili nisikilize vizuri. Maharage yenye uzi, mmeyagusa? Mkiyafungua, yatie kwanza kwenye sufuria, juu ya jiko la kweli, yachemke kwa nguvu dakika kumi kabla mtu hajaonja, kama Mama alivyokuwa akifanya. Shemeji asidokoe kwenye chupa, namjua. Usiniulize kwa nini. Ni desturi ya kwetu na wewe umeiacha kwa sababu ya mashine.

Nijibu upesi zimebaki ngapi.

Delphia


Akron
20 Novemba 1977

Dada,

Mafua yamepita, asante kwa kuuliza. Theluji imeanguka Jumatano, ndogo. Twila amepata kitanda cha mtoto kwa jirani, tumekipaka rangi ya njano.

Denzil ndiye anayenitia wasiwasi kidogo. Tangu Jumanne akiendesha gari anaona taa mbili palipo na moja, na kope anasema nzito. Mwenyewe anasema ni uzee. Nimemwambia uzee hauingii Jumanne.

Za uzi mwekundu tumekula mbili, nne nimeziweka za Krismasi, na Twila ameshasema ni zake. Juu ya kuchemsha nimekusikia. Ila kwa nini, dada? Kuna nini?

Wewe unakula? Jiko unalizima ukilala? Usinikasirikie. Mwezi wa kwanza itatimia miaka minne tangu tumwokote Mama kijitoni ameganda, na kila nikisikia huko kuna baridi silali. Alipoanza kusahau nilisema alazwe nyumba ya wazee, wewe ukasema huwezi kumtoa nyumbani kwake. Maneno niliyoyatamka siku ya mazishi sijayasahau, na najua na wewe hujayasahau.

Imogene


Lick Fork
27 Novemba 1977

Imogene,

Salamu sina leo, nisamehe. Shemeji anameza vizuri? Sauti yake ni ile ile? Mpeleke kwa daktari siku utakayopata barua hii, usingoje zamu iishe. Nimesikia kuna ugonjwa unazunguka unaoanzia machoni.

Na Twila asile kitu cha chupa. Wenye mimba hawali vya chupa. Nijibu hata maneno mawili.

Delphia


Akron
4 Desemba 1977

Dada,

Maneno mawili: kapata miwani. Daktari alicheka. Miaka hamsini na mitatu, macho yamechoka, basi. Sasa ananiona vizuri na anasema nimezeeka.

Twila amekuja kukaa nasi mpaka sikukuu. Daktari wake anamtaka ale mboga, naye jana alisimama stoo akaniuliza ziko wapi chupa za mama mkubwa, azile hivyo hivyo zikiwa baridi, ndivyo tumbo linavyotaka. Nimemwambia asubiri Krismasi.

Dada, kwa nini uliuliza kama Denzil anameza? Hakuna ugonjwa unaozunguka. Nimeuliza.

Imogene


Lick Fork
Jumatano, 14 Desemba 1977

Imogene mdogo wangu,

Usimpe Twila. Usimpe mtu. Zimwage leo, chimba shimo refu mbwa asifike, halafu nawa mikono.

Sasa nakuambia. Unaijua kazi yenyewe. Chupa kumi na nne ndani ya karai, maji yazifunike, moto wa saa tatu nzima bila kupumzika, na rundo zima la kuni linakwisha. Nimefanya hivyo kila Agosti tangu nina miaka minane. Mwisho wa Oktoba nilikwenda pale pa karai kuokota vijiti vya kuwashia jiko, nikakuta nusu ya rundo bado imepangwa. Nusu, Imogene. Ilikuwa na buibui juu yake. Nilikaa chini kwenye majani mabichi nikazihesabu kuni moja moja.

Nakumbuka nilivyowasha. Halafu nakumbuka niko kijitoni, miguu ndani ya maji, nimevaa aproni ya Mama ambayo huwa ndani ya sanduku la chini kabisa. Katikati hapo hakuna kitu. Niliporudi chupa zilikuwa mezani, zimepoa, vifuniko vimeziba vizuri, maji meupe safi. Sijui nilizitoa lini motoni. Nikazifunga uzi, nikafurahi kwamba kazi imekwisha. Maharage ambayo hayakupata moto wake yanaweza kutazamika mazuri, yakanukia vizuri, na yakaua nyumba nzima. Tulimwona yule mama wa kule Troublesome na wanawe wawili, walivyozikwa.

Ningekuandikia "mwaga" siku ile ile. Lakini ungeniuliza kwa nini, na jibu ni moja. Siku ya mazishi ulisema mbele ya watu wote: huu ugonjwa ukimwanza mwingine, nyumba inafungwa siku hiyo hiyo, na mgonjwa anapanda gari. Mimi sina pengine, Imogene. Nikiamka Akron sitajua hata mlango uko wapi.

Kwa hiyo nilijaribu mwenyewe. Siku ya Shukrani sikwenda kwa Hobert. Nilifungua chupa moja yenye uzi, nikala yote bila kuchemsha, nikakaa na kioo siku tatu nikitazama kope zangu na kumeza mate. Nilisema nikifa utajua usile, nisipokufa hakuna haja ya mtu kujua lolote. Siku ya tatu niko mzima, nikaanza kuimba, ndipo barua yako ya macho ya shemeji ikaletwa. Tangu hapo sijaimba. Chupa moja haisemi habari ya nyingine.

Basi nimesema. Njoo ufunge nyumba. Ila mwaga kwanza.

Delphia


Akron
Alhamisi, 15 Desemba 1977

Dada Delphia,

Sijapata barua yako nyingine na sitaingoja. Nimechoka kuogopa.

Hatujala hata punje moja. Nilikudanganya tangu mwanzo. Siku ile Hobert aliposhusha sanduku akaenda kwa mwanawe, nililifungua, na moja ya chupa za uzi mwekundu haikuwa na maharage. Ilikuwa na vibanio vya nguo. Vibanio tisa vya mti vimesimama ndani ya maji, kifuniko kimeziba barabara, na uzi umefungwa kwa fundo lako. Nilikaa sakafuni jikoni nimekipakata kile kichupa. Kabla Denzil hajarudi nilikuwa nimezifukia zote kumi na mbili nyuma ya gereji. Ndiyo maana nilikutumia chungu kisicho na moto. Nilikuwa naota usiku nyumba ya Mama inawaka na wewe umo ndani.

Halafu nikakusifia maharage, ili usijue nimejua. Nikakuandikia kwa mkono wangu huu uyatie mwisho yapate joto tu. Na wewe una chupa nane za karai lile lile! Uliposema yachemke dakika kumi, nikajua na wewe unajua kitu, na bado sikusema. Miezi miwili nimekulisha sifa nikakuacha na sumu ndani ya kabati.

Zitupe zote. Juzi nilipiga simu kwa Burl, bonde lijue likitaka. Alisema theluji imeziba njia ya juu na hakuna aliyekuona tangu Jumapili.

Tunakuja, mimi na Denzil. Twila atarudi kwa mumewe. Tutafika Krismasi mchana. Washa chungu chako saa kumi na mbili kama tulivyopatana, paja na viazi na karoti, basi. Tutakula pamoja kweli.

Imogene


Lick Fork
Jumanne, 20 Desemba 1977

Mdogo wangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Nimelia, nimecheka, kisha nimekutukana vibaya mbele ya kuku. Miezi miwili nakufa kila siku kwa ajili yenu, na nyinyi mmezifukia! Lakini mko wazima. Nimeisoma sehemu ile mara nyingi, hatujala hata punje moja, mpaka karatasi imelainika.

Vibanio sivikumbuki. Nilivitafuta Septemba yote, nikamsingizia mke wa Hobert.

Zangu nimezitupa shimo la choo cha zamani, nikamwaga na chokaa juu. Zilikuwa tano. Sasa kabati ni safi. Paja nitaliloweka Ijumaa. Hobert ameoa tena, nilikuambia? Mara ya tatu hiyo, na bado anavaa suti ile ile.

Njooni na viatu vya theluji. Sitawakataza kuja na funguo mkononi. Ila naomba nyumba tuifunge baada ya kula.

Delphia


Juu ya meza ya jikoni, Lick Fork
Krismasi

Imogene,

Mkifika sijarudi, msifungue kifuniko, joto litatoka. Nimewasha saa kumi na mbili kamili kama tulivyopatana. Paja nimelipaka, linang'aa vizuri, ukilitazama unajiona. Karoti laini. Mama aliniuliza maharage yako wapi, nikamwambia tumetupa yote, akanionyesha mbili nyuma ya debe la unga. Nimezitia. Nimeonja mchuzi na maharage kidogo, chumvi haikuzidi.

Sasa ametoka bila koti na miguu mitupu, unamjua alivyo. Namfuata kijitoni. Panga sahani nne.

D.


Nyuma ya karatasi hiyo hiyo
Krismasi, saa tisa alasiri

Dada,

Nakuandikia hapa kwa sababu ukiamka utataka kujua.

Barua yako ya tarehe ishirini ilinikuta jana nikifunga mizigo. Niliposoma tano nilisimama. Ulikuwa na nane, moja ukaila, ukatupa tano. Nikamwambia Denzil ziko mbili bado ndani ya nyumba ile. Kwa Burl hakuna aliyepokea simu. Tuliondoka usiku ule ule tufike asubuhi, theluji ikatuchelewesha. Gari tumeliacha dukani kwa Burl, tukapanda kwa miguu, na mimi nilianguka mara mbili.

Tulisoma karatasi yako, tukakimbia. Tulikukuta umekaa juu ya jiwe la kufulia, umevaa aproni, viatu umevishika mkononi ili umpe Mama. Uliponiona uliniuliza kama nimekula. Denzil alikubeba mgongoni mpaka hapa. Tumekusugua miguu, tumekufunika mablanketi matatu, sasa umelala na rangi imerudi. Denzil ameshuka kumtafuta daktari kwa gari la Hobert, lina minyororo ya theluji magurudumuni.

Chungu nimekizima mimi. Paja lilikuwa zuri, dada, lilikuwa linang'aa kweli. Maharage pembeni yake yalikuwa vuguvugu tu, sawasawa na nilivyokuandikia. Nimefukia vyote pamoja na chungu chenyewe. Nilimpigia daktari wa Akron kabla ya kutoka, akaniambia nitazame kope, koo na pumzi, na sauti. Sumu inaweza kuanza leo, inaweza kungoja siku ya nne. Akasema na wengine hawapati kitu. Naogopa mpaka meno yananiuma.

Nyumba haifungwi. Siku ya mazishi nilisema yale kwa hasira na woga, na woga wangu ndio uliokufanya ule sumu peke yako siku ya Shukrani ili usiniambie. Nisamehe. Denzil atarudi kazini, mimi nabaki. Nitalala kitanda changu cha zamani. Kuni za Agosti ijayo nitazichoma mimi, nawe utakaa pembeni uniambie nimekosea.

Ukiamka ukiwa wewe mwenyewe, umeshajua yote haya. Ukiamka hunijui, soma tu hapa: mimi naitwa Imogene, ni mdogo wako, nimekaa kwenye kiti karibu na dirisha na siendi popote. Usiogope kuniita. Niite kwa jina lolote, hata la Mama. Nakaa hapa nasubiri kusikia kama sauti yako bado ni ile ile.